Kugongana kwenye makutano: jinsi ya kujua nani mwenye makosa

Magari mawili yakigongana Malindi, mahakama hukaa papo hapo. Mahakimu ni muuza madafu, vijana wa bodaboda na mpita njia aliyekuwa anakwenda zake sokoni, na hukumu hutoka kabla vumbi halijatulia: aliyegonga ndiye mwenye makosa. Mmoja akiwa na gari na mwingine pikipiki, kesi haisikilizwi kabisa. Mwenye gari alipe.

Hukumu hiyo huenda ikafaa kwenye barabara iliyonyooka, mtu akimgonga mwenzake kwa nyuma. Kwenye makutano hupotosha watu kila siku. Mara nyingi aliyegonga kwa pua ndiye aliyekuwa na haki ya kupita, na aliyegongwa ubavuni ndiye aliyejitosa mbele yake. Tena makosa hayawi ya mtu mmoja kila mara. Hugawanywa, na mgawanyo ndio unaoamua nani atalipa nini. Ninayoyaeleza hapa ni kwa sheria za Kenya, kwa anayetaka kujua amesimama wapi kabla hajafungua mdomo mbele ya polisi, bima au jirani.

Hatua ya kwanza: watu kabla ya magari

Simama. Washa taa za dharura, weka pembetatu mbele na nyuma kwa umbali wa kutosha, muulize kila mtu hali yake. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinamtaka dereva asimame na atoe jina na anwani yake, na ya mwenye gari pia. Asipofanya hivyo kwa sababu yoyote, aripoti polisi mapema awezavyo na saa 24 zisipite. Ukiona umati umepandwa na hasira, ondoka uende moja kwa moja hadi kituo cha polisi kilicho karibu, ujieleze uandikwe kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi. Aliyekwenda kituoni hakutoroka.

Kama kuna aliyeumia, magari yabaki yalivyo mpaka polisi wafike, labda ilazimu kusogeza moja ili mtu atolewe. Na mpe mwenzako pole. Pole ni uungwana, haihesabiwi kuwa umekiri. Kinachokuponza ni kuongeza “makosa ni yangu, nitalipa” kabla hujajua kilichotokea. Mikataba mingi ya bima inakukataza kukubali lawama bila kampuni kujua.

Hatua ya pili: piga picha, kisha inama utazame chini

Picha za kwanza zipigwe kwa mbali. Simama hatua thelathini hivi katika kila barabara inayoingia kwenye makutano, magari yote mawili yaonekane pamoja na kitu kisichohama: nguzo ya stima, ukuta, mnazi, duka. Watu hukimbilia kupiga picha ya bampa iliyovunjika, wakaishia na picha kumi za bampa na hata moja ya barabara hakuna.

Halafu sogea karibu. Magurudumu ya mbele yameelekea wapi? Gari lililokuwa linakunja huwa limesimama magurudumu yakiwa yamepinda, na hilo pekee linaweza kumaliza ubishi wa “mimi nilikuwa naenda moja kwa moja”.

Sasa inama. Magari yakigongana, udongo uliokauka chini ya madigadi hudondoka wote kwa pamoja, karibu kabisa na pale mgongano ulipotokea. Vigae vya taa hurushwa mbali kidogo, kufuata mwendo wa gari, lakini ule udongo huanguka chini ya gari lenyewe. Njia zetu nyingi za ndani ni za mchanga na murram, kwa hiyo tuktuk inayotoka mitaa ya Muyeye au Maweni haikosi akiba ya udongo huko chini. Ukikuta kirundo hicho kwenye lami, hatua mbili ndani ya upande wa mwenye barabara kuu, umekwisha jua nani alikuwa kwenye upande wa nani. Weka kiatu au funguo kando yake ili ukubwa uonekane, piga picha haraka. Upepo wa kusi na tairi la lori havitakungoja.

Alama za breki nazo uzipime kwa hatua na uoneshe zinapoanzia. Lakini tahadhari: magari mengi ya siku hizi yana breki za ABS, ambazo haziachi mistari mirefu kwenye lami. Kukosekana kwa alama hakuthibitishi kwamba dereva hakushika breki.

Kisha simama pale alipokuwa kila dereva sekunde chache kabla, upige picha ya alichoweza kukiona. Labda kuna ukuta mrefu, labda lori limeegeshwa kwenye kona, labda kibanda kimeziba. Wengi hudhani kibanda kitawaokoa: “Sikuona, pale pamezibwa.” Usipoona, ndiyo sababu ya kusimama na kuchungulia. Mimi kisingizio hicho sikipi uzito, na sidhani hakimu atakipa mkubwa.

Chukua majina na nambari za simu za mashahidi mapema, na uwaulize swali moja kabla ya yote: ulikuwa unatazama wapi kishindo kilipolia? Wengi walisikia mlio ndipo wakageuka. Hao waliona magari yamesimama. Mgongano hawakuuona, hata wakiapa. Mtafute mmoja aliyekuwa ameketi anaangalia barabara, mwenye duka au dereva wa tuktuk anayengoja abiria. Ukimpata huyo, waache wengine.

Hatua ya tatu: nani alipaswa kupisha

Hapa ndipo penye kiini. Kila makutano yana anayepaswa kupisha na anayepishwa. Anza na kilichopo: je, askari wa trafiki alikuwa akiongoza magari? Mkono wake unashinda bango na unashinda taa. Kama hayupo, kuna bango? Lenye pembe nane linataka gari lisimame kabisa, magurudumu yasizunguke, hata barabara iwe tupu. Pembetatu iliyopinduliwa inataka upishe. Kusimama si lazima kama njia ni nyeupe. Bango likiwa limeng'olewa au rangi ya barabara imefifia, barabara kuu inabaki kuwa kuu. Anayetoka njia ndogo ndiye anayepisha.

Chukua tuktuk inayotoka njia ya mchanga kuingia Barabara ya Lamu pale mjini, inataka kukunja kulia. Gari aina ya Probox linakuja kwenye barabara kuu kutoka upande wa Sabaki na kuipiga tuktuk ubavuni. Madereva wanashuka.

“Mzee wangu, kwani hukuniona?”

“Nilikuona, kijana wangu, lakini nilidhani utapunguza mwendo.”

Mzee amejibu kwa ukweli, na kesi yake imelala hapo hapo. Anayepaswa kupisha hapewi ruhusa ya kudhani. Angesema hakuona, lingekuwa kosa la kutotazama; amesema aliona, basi ni kosa la kuingia hali anajua. Vyovyote vile, sehemu kubwa ya lawama ni yake, ijapokuwa yeye ndiye aliyegongwa na kijana ndiye aliyegonga. Kama kijana naye ana sehemu, tutaiona kwenye hatua ya tano.

Kukunja kulia ndiko kunakozaa kesi nyingi. Anayekunja kulia hukata mbele ya wanaokuja, na lazima awangoje. Mfano mzuri ni makutano ya Gede. Anayetoka Kilifi kwenda Watamu anakunja kulia, akivuka mbele ya wanaotoka Malindi kwa kasi. Akijitosa akapigwa, ni vigumu kujitetea. Anayetoka Malindi kwenda Watamu yeye anakunja kushoto, na hatari yake ni nyingine kabisa: bodaboda inayojipenyeza kati yake na ukingo wa barabara. Mwenye gari alipaswa kutazama kioo cha kushoto na kuwasha indiketa mapema. Mwenye pikipiki hakupaswa kujipenyeza upande wa ndani wa gari linaloonyesha kukunja. Kesi ya namna hii hugawanyika, na indiketa ndiyo inayousogeza mzani.

Kuna na hii, ambayo wenye tuktuk wanaijua vizuri. Tuktuk iko mbele, inapunguza mwendo ikunje kulia. Matatu iko nyuma, haina subira, inatoka kuipita kwa upande wa kulia, na wawili wanakutana katikati. Kwa macho ya umati, tuktuk “ilikata” mbele ya matatu. Lakini kulipita gari jingine kwenye makutano ni kosa, na mwenye kupita ndiye wa kuhakikisha njia iko salama. Kwa hiyo matatu inaanza na mzigo mkubwa. Mzigo huo unapungua ikibainika tuktuk haikutoa ishara au dereva hakutupa jicho kwenye kioo kabla ya kukunja. Kwa sababu hiyo, taa zikiwa bado nzima, omba indiketa iwashwe hapo hapo huku unarekodi video. Zikiwa zimevunjika, tazama swichi yake imeelekea wapi kabla mtu hajaigusa.

Kuonyeshwa taa ni mtego mwingine. Dereva mmoja akipepesa taa anamaanisha “pita, nakungoja”. Mwingine anamaanisha “nakuja, kaa hapo hapo”. Barabarani kwetu maana zote mbili zinatumika. Aliyeonyeshwa taa akajitosa bado anabeba wajibu wake wa kutazama, na hasa akipigwa na gari la tatu ambalo halikumwonyesha chochote. Vivyo hivyo turnboy, yaani utingo, wa lori akikupungia mkono upite: mkono wake hauna cheo.

Kwenye raundabauti, unawapisha walio ndani tayari, wanaokujia kutoka kulia. Ukigongwa nyuma ukiwa umesimama kungoja zamu, aliye nyuma ndiye mwenye kazi ya kueleza kwa nini hakuacha nafasi.

Na njia mbili za mtaani zinazolingana, bila bango, bila iliyo kubwa? Hapo hakuna wa kujivunia haki. Kila mmoja alipaswa kupunguza mwendo hadi aweze kusimama. Tazama nani aliingia kwanza na nani alikuja kwa kasi. Ikishindikana kujua, jiandae kugawana nusu kwa nusu. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka msimamo huo mwaka 1971, na mahakama zetu bado huufuata: ushahidi usipoonyesha nani alizembea zaidi, wote wawili hubeba sawa.

Wenzetu wa kisiwani Lamu wamesalimika na haya ndani ya mji wa kale, ambako kupishana ni kwa miguu na punda. Ila tangu lami ifike Mokowe, upande wa bara, mwendo umeongezeka, na kanuni ya kukunja inawahusu kama sisi pale Minjila, kwenye njia panda ya barabara ya Lamu.

Hatua ya nne: soma bodi ya gari

Bodi haisemi nani alikuwa na haki, lakini inasema mambo yalikwenda vipi. Kwa lile gari lililogongwa ubavuni, tazama limepigwa wapi. Likipigwa karibu na gurudumu la mbele au mlango wa dereva, lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza; aliyekuwa barabara kuu hakupata muda. Likipigwa nyuma kabisa, karibu na taa za nyuma, lilikuwa limekaribia kumaliza kuvuka. Hapo mwenye barabara kuu ana swali la kujibu: gari zima lilipita mbele ya macho yako, ulikuwa unatazama nini?

Tazama pia mkwaruzo. Gari lililokuwa limesimama hubonyea kwenda ndani tu. Lililokuwa linatembea huwa na mbonyeo ulioburutwa, rangi ya mwenzake imepakwa kuelekea nyuma. Anayesema “mimi nilikuwa nimesimama nangoja” hali ubavu wake umechanika kwa urefu, ana maelezo ya kutoa.

Usipime makosa kwa ukubwa wa hasara. Bati la tuktuk hukunjika kwa kishindo ambacho bampa ya pikapu haitakisikia.

Hatua ya tano: je, mwenye haki angeweza kuepuka?

Wengi husimama kwenye hatua ya tatu wakajiona wamemaliza. Haki ya kupita haimtoi mtu kwenye wajibu wa kuangalia. Ndani ya mji mwendo wa kisheria ni kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo gari hukata karibu mita 14 kila sekunde, na dereva aliye macho, kwenye lami kavu, husimama ndani ya mita 25 hivi. Akienda 80, anahitaji zaidi ya mita 50. Na kwenye midomo ya njia za mchanga, lami hunyunyiziwa mchanga na magurudumu, breki zikashika vibaya zaidi.

Rudi kwa yule kijana wa Probox. Kama tuktuk ilikuwa imeonekana kwa umbali wa mita 40 na kijana alikuwa kwenye mwendo wa 50, angesimama. Kama hakusimama, ama alikuwa kasi ama hakuwa anatazama. Ongeza mengine: usiku bila taa, simu mkononi, tairi kipara, amepakia kupita kiasi. Kila moja linampa sehemu ya lawama, ilimradi lilichangia ajali. Leseni iliyokwisha muda ni kosa mbele ya polisi, lakini peke yake haisababishi mgongano. Watu huchanganya mambo haya mawili na wakabishana bure.

Hatua ya sita: gawanya, kisha piga hesabu

Mgawanyo kama 80 kwa 20 au 70 kwa 30 ni wa kawaida pale mmoja alipaswa kupisha na mwenzake alichangia. Tuseme kwa wetu ni 75 kwa mzee wa tuktuk na 25 kwa kijana. Probox ina hasara ya shilingi 120,000, tuktuk 40,000. Mzee anadaiwa robo tatu ya hasara ya Probox, yaani 90,000. Kijana anadaiwa robo ya hasara ya tuktuk, 10,000. Wakikatana, mzee anabaki na deni la 80,000. Wengi husahau ile 10,000 kwa kudhani mwenye makosa zaidi hana anachodai.

Mkitaka kuyamaliza wenyewe, inaruhusiwa pale hakuna aliyeumia, lakini yaandikeni: tarehe, mahali, nambari za magari, kiasi, muda wa kulipa, sahihi za wote wawili na shahidi mmoja. Hasara ikadiriwe na fundi wa bodi kwa maandishi kabla hamjataja bei. Na kama dereva ameajiriwa, mshirikishe tajiri wake. Dereva anayepeleka hesabu kila jioni hana 80,000, na ahadi yake ya barabarani haimfungi mwenye chombo ambaye hakuwapo.

Hatua ya saba: polisi na bima

Chukua nambari ya OB, kisha abstrakti, hati ya polisi kuhusu ajali. Abstrakti inathibitisha kwamba ajali ilitokea, lini, wapi, magari gani na bima zipi. Hata ikiandikwa kwamba fulani ni wa kulaumiwa, mahakama haichukui hayo kuwa mwisho wa maneno. Hutaka ushahidi, na mchoro wa ofisa aliyefika pale una uzito zaidi. Uliza jina lake, kituo chake na kama alichora. Cheti cha bima cha mwenzako ni cha kidijitali siku hizi, hakikisha ni halali kabla hamjaachana.

Jihadhari na jambo moja linalofanywa kwa haraka sana. Dereva akishtakiwa kwa kuendesha bila uangalifu, huambiwa akubali tu kosa, alipe faini, aende nyumbani. Kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinasema kwamba hukumu hiyo ikishakuwa ya mwisho, ni ushahidi usiopingika kuwa alitenda kosa lile. Baadaye akidaiwa fidia, atabaki kubishania sehemu ya mwenzake tu. Faini ndogo ya asubuhi moja inaweza kuzaa dai la mamilioni, kwa hiyo ongea na wakili kwanza.

Bima ya lazima ni ya vifo na majeraha ya watu wengine, na dai la mtu mmoja lina kikomo cha shilingi milioni 3. Hasara ya gari la mwenzako inategemea mkataba wako unasemaje, usome. Gari lako mwenyewe linalipwa na bima kamili tu. Mwenye bima ya mtu wa tatu anadai kwa bima ya mwenzake. Ijulishe kampuni yako mara moja hata kama unaamini huna makosa.

Mkishindwa kuelewana juu ya mgawanyo, dai la uharibifu wa gari lisilozidi shilingi milioni 1 linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambako unaweza kujisimamia bila wakili na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Mshtaki dereva na mwenye gari kwa pamoja. Una miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi ya uzembe, ingawa shahidi wako wa dukani huenda akawa amehama kabla ya miezi 6, kwa hiyo maelezo yake yaandikwe na kutiwa sahihi wiki hiyo hiyo.